Mchanga Ndani ya Silinda

Mume wangu alikuwa fundi wa karakana bandarini Malindi, hapa kisiwani kwetu, na wakati huo ninaousimulia, miaka ya hamsini na kitu, macho yake yalikuwa yakiingia kiza. Daktari alikwisha kumwambia hapana dawa. Basi yeye akasema atatengeneza gari la moshi dogo, la kwenda kwa mvuke wa kweli, na aone likienda kabla nuru haijamwisha.

Ujanani alikuwa akichochea moto katika gari la moshi la Bububu. Reli zilikwisha kung'olewa zamani, lakini hakuacha kulizungumza. Utadhani mke mwenzangu. Hili dogo lilikuwa na urefu wa dhiraa moja, shaba tupu. Bomba la moshi alilibadilisha mara tatu, kwa kuwa halikufanana na lile la Bububu. Nikamwambia, "We bwana, nani atajua?"

"Mimi ntajua," akanijibu.

Kazi kubwa ilikuwa pistoni mbili, zile zinazosukumwa na mvuke ndani ya silinda zikazungusha magurudumu. Miezi mitano alizisugua kwa mafuta na unga wa kunolea, akizipima kwa ncha ya kidole kwa sababu jicho halimsaidii tena. Zikaingia sawasawa, mvuke usipate pa kupenya. Siku aliyomaliza aliniita. "Njoo ushike, bibi. Laini kama shavu la mtoto." Nikashika. Wallahi nilifurahi naye. Akaahidi kuliwasha Idi mosi, mbele ya dada zake.

Hao mawifi zangu! Watu wa kupitisha kidole juu ya meza yangu, kisha wakatazamana. Na kwetu mjini, Idi ikikaribia, shaba zote za nyumba hushushwa zikasuguliwa kwa ukwaju na mchanga laini wa pwani: masinia, mabirika, hata vifungo vya mlango. Siku mbili kabla, yeye ametoka kwenda kusali adhuhuri, nikakiona kile kigari rafuni, kimejaa mafuta, kimefanya weusi. Nikasema haki ya Mungu, hawatakiona hivi. Nikakisugua mpaka kwenye vipenyo, nikakisuuza kwenye beseni, nikakianika juani, nikakipaka mafuta mapya. Aliporudi sikumwambia. Nilitaka wageni wakisifu yeye asikie.

Idi mosi akajaza maji, akawasha spiriti. Mvuke ukalia. Akafungua. Gari likasogea shubiri moja, likatoa mlio wa kukwaruza, likakwama. Akalisukuma, likasogea kidogo, likakwama tena. Akazima moto, akangoja lipoe, akazitoa pistoni pale pale mkekani, akazipangusa kwa kitambaa, akapitisha ncha ya kidole. Kitambaa alikiweka mbele yangu, na kwenye mafuta nikaziona chembe za mchanga. Yeye hakuziona. Kidole kilimpa mikwaruzo tu.

"Nimezikosea," akasema. "Mikono nayo imeniacha."

Wifi mkubwa akasema pole kaka, ndio utu uzima. Na mimi, mimi na mdomo wangu huu uliojulikana Malindi nzima, nikakaa kimya. Nikajiambia ntamwambia wakiondoka. Wakaondoka. Nikajiambia kesho. Wiki ile ile akampa fundi baiskeli wa Darajani tupa zake zote na jiliwa lake la kubania vyuma, na mwaka haukwisha ila alikuwa haoni kabisa. Akawa anashinda sebuleni, mikono ameipakata, mikono mizima, isiyo na kosa hata moja. Moyo ulinikatika kila nilipoitazama, na bado sikusema. Nilikuwa mwoga. Sina neno jingine.

Aliishi miaka mitatu zaidi. Alipozidiwa alitaka radhi kwa kila mtu, kama wafanyavyo watu wetu: ndugu, majirani, wenzake wa bandarini. Mimi akaniweka mwisho. Akanishika mkono.

"Bibi, niwie radhi. Nilikuahidi kitu, nikakuaibisha mbele ya watu. Mikono ilinishinda."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilishaufungua kabisa.

"Nimekuwia radhi, bwana," nikasema.

Akanishukuru.