Jogoo wa Shukrani ya Mapema

Barua ya kazi ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ilisema hongera. Ya pili ilisema kazi ya mapokezi nitaipata nikishapimwa afya na wadhamini wangu wakishaulizwa. Mama mkwe alisoma ya kwanza, akanirudishia zote mbili, akatoka nje kumkimbiza jogoo.

"Mama, bado," nikamwambia. "Hii kazi ina masharti."

"Hata ndoa yako ilikuwa na masharti, na ukaja."

Wakati huo nilikuwa nafua mashuka kwenye kambi ya watalii hapa Robanda. Mahindi yetu tembo walikuwa wameshayapitia, mume wangu yuko Kerende anachimba dhahabu asiyoiona, na mtoto ndiyo kwanza ameanza uji. Uji wenyewe ulitoka kwenye hayo mashuka. Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika, sikatai, lakini niliikunja ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Haitoki humo mpaka nipate barua isiyo na "kama".

Jumapili mama mkwe akambeba jogoo kanisani. Kwetu sadaka ya mazao na mifugo hupigwa mnada nje baada ya ibada. Akasimama, kilemba kipya kichwani, akasema anamshukuru Mungu, mkwe wake ameacha kufua, anahamia kambi nyingine kupokea wageni.

Mkwe mwenyewe nilikuwa benchi la nyuma nanyonyesha. Nikasimama hivyo hivyo na mtoto wangu kifuani.

"Sijaacha kazi," nikasema. "Msinipongeze. Sijapimwa hata mkojo."

Kanisa zima likacheka. Mchungaji akasema, "Basi tumshukuru Mungu kwa masharti." Nikakaa kwa hasira, maana benchi la mbele nilikuwa nimeshauona upara wa meneja wangu.

Na ni yeye aliyemnunua jogoo. Nikamfuata kabla hajafika kwenye gari.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kumbe nimenunua jogoo wa kuniaga?"

"Yule mama ametangulia. Mimi kesho niko kwenye mashuka. Nikipata uhakika utapata barua yangu, na mwezi wa notisi nitaufanya wote."

Akamhamishia jogoo kwapa la pili. "Walinipigia Ijumaa kuuliza habari zako."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mdomo wake hauna breki, ila mashuka yake hayana doa. Huyu simchinji mpaka majibu yako yatoke."

Wiki tatu jogoo akaishi nyuma ya chumba cha kufulia, anawika kama yeye ndiye meneja, na mimi namtukana huku nikianika. Kisha vipimo vikatoka safi, na barua ya mwisho ikaingia kwenye simu. Nikaisoma mpaka chini, nikarudia, nikatafuta "kama" sikuiona. Nikacheza peke yangu katikati ya mashuka mabichi mpaka kanga ikadondoka. Ndipo nikafungua kadi ya kliniki, nikampelekea meneja barua yenye harufu ya maziwa.

Siku yangu ya mwisho jogoo akachinjwa, na mama mkwe akaalikwa. Alichagua paja.

"Si nilisema?" akaniambia, mdomo umejaa.

Nilikuwa na jibu lake, refu. Nikamwongezea mchuzi.