Ukuta Alioruka Kaka Elia

Enzi zetu pale Idodi mpira haukununuliwa, ulifungwa. Makaratasi na vitambaa ndani, nailoni juu, kamba ya katani inazungushwa mpaka ikaze, halafu kaka yangu Elia anaanza kututesa. Jamani, yule alikuwa anapiga chenga mpaka mbuzi. Sisi wasichana tulisimamishwa golini, eti golini hakuhitaji akili. Jioni tunarudi na vumbi mpaka kwenye kope, tunakuta makande ya moto, na mama anamtazama Elia: "Miguu hiyo ungeipeleka shambani, tungekula mwaka mzima."

Akaipeleka Mbeya. Timu ya ligi kuu ilimchukua, na siku redio ilipotaja jina lake, mama aliizima palepale, asije akasikia kitu kingine juu yake. Vijana wa leo hawawezi kuelewa. Wanajua mpaka winga wa Ulaya kanywa chai na nini, lakini ukiwatajia Elia wanakuuliza, "Ndiyo nani huyo?"

Ikaja mechi ya kucheza Iringa mjini. Mama alikuwa hajawahi kumwona Elia akicheza na viatu miguuni. Tulitoka alfajiri juu ya lori la mahindi, mama kavaa kitenge chake cha kanisani, tukakaa juani tunangoja. Tuliambiwa watu wa timu kubwa ya Dar wamekuja kumtazama yeye.

Sasa sikieni ujinga wetu. Kila timu ilikuwa na wazee walioitwa kamati ya ufundi, ingawa ufundi wenyewe ulikuwa wa waganga. Siku hiyo wazee wa timu ya Elia wakasema wenyeji wamezika dawa getini, anayepita pale miguu inakuwa mizito, kwa hiyo wachezaji wote waruke ukuta. Elia akaruka, akatua juu ya jiwe, goti likageuka. Wauza karanga walikuwa wanaingia na kutoka kwa geti hilohilo, miguu yao mizima.

Timu zilipotoka kukagua uwanja, mama alizipitia zile sura moja moja. "Mbona simwoni mwanangu?"

Timu yake ilishinda. Kamati ikausifu ukuta. Mmoja wao alikuja kumpa mama pole, akasema wasingeruka wangefungwa. Mama akamjibu, "Mimi nilikuja kumwona mwanangu." Goti lilikandwa kwa maji ya chumvi, likachanjwa, na lilipofika hospitali lilikuwa limeshaharibika. Timu haikumwulizia tena. Mama alikufa hajamwona akicheza uwanjani, na hilo linaniuma mpaka leo, sifichi.

Siku hizi Elia anauza viazi karibu na uwanja uleule. Juzi ilikuja timu ya vijana na basi lao la kifahari, viatu vya rangi zote, simu mkononi. Sisi tulikuwa wajinga hatuna kitu. Hawa wana kila kitu. Walishuka wakaenda moja kwa moja ukutani.

Elia akainuka, akawaambia kwa upole, "Wanangu, geti liko wazi."

Wakacheka. Mmoja akamjibu, "Mzee, unataka tufungwe?"

Elia akapita getini peke yake, anachechemea, akazunguka mpaka upande wa pili wa ukuta, akainama pale watakapotua na kuanza kuondoa mawe.