Usiseme "Dawa" Nyumbani kwa Mkulima wa Miraa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninapofunga viatu kwenda kumwona mheshimiwa. Nilikuwa kijana, nimejisomea sheria za mihadarati hadi nikadhani nimezimaliza. Mama Idi, muuza mitumba wa Majengo, alikuwa na mwana aliyenaswa na unga, ile heroini. Kila Idi alipokamatwa alitupwa rumande, akatapika na kutetemeka huko bila matibabu. Mama aliogopa kwamba safari moja angeitwa kuchukua maiti. Akaniomba nimsaidie, tukataka hoja katika bunge la kaunti, hospitali itenge chumba cha kuwatibu watu kama yeye.

Tukamfuata mwakilishi wadi mmoja wa kamati ya afya nyumbani kwake Igembe, ambako miraa ndiyo riziki ya kila nyumba. Uani watu walijaa mabenchini. Zamu yetu ilipofika nikasimama.

"Mheshimiwa, tumekuja kwa ajili ya dawa za kulevya."

 Mzee mmoja mwenye kitita cha miraa mapajani akaacha kutafuna. "Kijana, hii ndiyo unaita dawa?"

"Na karo yako ililipwa na nini," mwingine akadakia, "viazi?"

Wakacheka. Mheshimiwa hakucheka. "Siwezi kupeleka hoja ya kung'oa shamba la miraa la baba yangu. Kunyweni chai, muende salama."

Nikajaribu kufafanua, nani angesikiliza? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Yule mzee akatufuata hadi langoni. "Huku ukisema dawa, kila mtu anakimbia kushika miti yake," akaniambia. "Na huyu mama ndiye ako na shida. Mbona umemkalisha kama mzigo?"

 Alikuwa mkubwa kuliko baba yangu, na alisema kweli.

Jumamosi iliyofuata tukarudi. Safari hii nilikaa, Mama Idi akasimama.

"Mheshimiwa, kijana wangu anatumia unga. Akifungiwa seli anaumwa mpaka anajikojolea. Naomba kitanda cha hospitali."

"Hamgusi miraa?"

"Miraa sijui hata kuchagua, baba. Mimi nauza nguo."

Mheshimiwa akatikisa kichwa. "Si mngesema hivyo tangu mwanzo."

Hoja aliipeleka. Ikaahirishwa. Tukarudi, ikaahirishwa tena, na wengine wakatuuliza kama hatuna kazi. Hatukuacha. Ilipopita na chumba kufunguliwa, Idi alilazwa miongoni mwa wa kwanza. Akatoroka. Mama yake akamtafuta, akamrudisha, na muuguzi akampokea bila swali, maana mgonjwa haulizwi uji. Leo Idi ameacha unga, anakata nyama katika bucha moja hapo Majengo.

Mwanangu, kazi hii sasa ni yako, na sheria zenyewe bado hazijakaa sawa. Ukienda kwa mtunga sheria, jua kwanza anakula nini nyumbani kwake. Huku ni miraa, Embu ni muguka, ndugu yake miraa. Usimtishie chakula chake, kisha umwombe huruma. Taja ugonjwa kwa jina lake. Mwenye uchungu asimame mbele, wewe uliyesoma ushike mkoba. Ukiambiwa unywe chai uende, kunywa, uende, kisha urudi.

Mungu akupe ulimi mwepesi kusikika na miguu mizito kuchoka, na asiwepo mama atakayezika mtoto aliyestahili kitanda.