Alama Nyekundu Mkononi mwa Dorotea

Bibi yangu aliwahi kumsugua mama yangu mkono kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka ngozi ikachubuka.

Alikuwa anamwokoa asichinjwe.

Msicheke kwanza, wakuu. Mngekuwa Kisesa miaka ile ya hamsini, nyinyi ndio mngechota mchanga.

Nawapa kama mama alivyonihadithia, bibi akiwa pembeni anamkatiza kila akikosea. Bibi aliitwa Kija. Mama ndiye Dorotea, na wakati huo alikuwa binti mwembamba, miguu kama vijiti.

Habari ililetwa na mzee Luhaga, mwanangwa wa hapo kijijini, yaani kiongozi aliye chini ya mtemi. Alipiga ngoma, watu wakakusanyika. Shule ya bweni ya wasichana huko Mwanza inapanuliwa, akasema. Kuna nafasi mpya. Wazazi walete mabinti kwenye ghala la pamba wapimwe.

"Ada je?" Kija akauliza.

"Hakuna ada, mayu," akamjibu, yaani mama kwa Kisukuma. "Chakula bure, nguo bure, kitanda bure."

Hapo ndipo Kija alipoanza kushuku. Serikali hii hii inayowadai kodi ya kichwa na kuwalazimisha wapunguze ng'ombe, leo inagawa ugali bure? Kwa huruma ipi?

Lakini amri ya mwanangwa haikataliwi. Akampeleka, huku amemshika mkono utadhani wanavuka mto. Dorotea ndiye mtoto pekee aliyekuwa amembakia. Wadogo zake wawili walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba.

Pale ghalani mizani ya hospitali haikuwepo. Mabinti wakapandishwa kwenye mizani ya pamba, mmoja mmoja. Bwana mmoja wa koti jeupe akasoma uzito, akawaambia wafunue midomo, akawatazama meno.

Wengine akawaacha waende. Wengine akawapaka dawa nyekundu mkononi.

Dorotea akapakwa.

"Ijumaa lori linakuja kuchukua waliochaguliwa," yule bwana akatangaza. "Majina tutaandika huko huko shuleni."

Akapanda gari, huyooo. Hakuna aliyemwuliza kitu. Nani angethubutu kumhoji mtu wa koti jeupe?

Njiani wakakutana na jirani yao Mihayo, mzee wa mnada wa ng'ombe. Akaona ule mkono, akasimama ghafla.

"Kija, hii ni nini?"

"Wamempaka."

"Walimpima kwanza?"

"Kwenye mizani ya pamba."

"Na meno wakamtazama?"

Kija akaitikia kwa kichwa.

Mihayo akatema mate pembeni. "Mimi nimepeleka ng'ombe mnadani tangu sijaota ndevu. Anapimwa, anafunuliwa meno, akipendwa anapigwa rangi. Aliyepigwa rangi sijawahi kumwona akirudi zizini."

"Lakini hawa ni watoto, baba!"

"Na mumiani hunywa damu ya nani? Ya mbuzi?"

Basi. Mpaka jioni habari ilikuwa imeenea kijiji kizima. Waliokuwa na mabinti wenye alama wakaanza kuwaficha huko kwenye mawe makubwa mlimani. Wenye mabinti wasio na alama wakashukuru, na kuwaonea wenzao huruma.

Kija hakutaka mwanawe akafe njaa huko kwenye mawe. Alimkalisha chini, akachota mchanga, akamimina mafuta ya taa, akaanza kusugua.

"Mama, inauma!"

"Nyamaza. Inauma kidogo ili upone sana."

Wote wawili walilia. Ile rangi ilikuwa ngumu, ikatoka pamoja na ngozi. Lakini ikatoka.

Ijumaa lori likaja. Mabinti wasio na alama wakakimbia kwenda kulishangaa, maana wao hawakuwa na la kuogopa. Dorotea naye akaomba aende. Kija akamtazama mkono, akaona hamna wekundu tena ila kidonda. Akamruhusu, yeye akaenda shambani kupalilia akiwa na amani moyoni.

Hajapalilia hata tuta moja, akasikia ukelele. Ni Tereza, mke wa Mihayo, anakuja mbio, kanga mkononi.

"Kija! Wamempakia Dorotea!"

Jembe likamdondoka. Wameona mchubuko, akawaza. Wamejua nimefuta. Mimi mwenyewe nimemruhusu, mimi mwenyewe.

Alipofika barabarani lilibaki vumbi tu. Akalifuata hilo vumbi kwa miguu mpaka Mwanza. Njia nzima alikuwa anasema jina la mwanawe kwa sauti, na watu waliokutana naye walimpisha.

Alasiri akafika kwenye ua wa ile shule. Nyuma ya jengo moshi unafuka. Pipa kubwa liko motoni, maji yanatokota. Pembeni pana lundo la nguo za mabinti.

Nguo tu. Watoto hamna.

Juu kabisa lilikuwepo gauni alilolishona yeye mwenyewe, lina kiraka cha kaniki begani.

Kija akaanguka palepale.

Mama mmoja mnene akatoka mbio. Alikuwa Wilhelmina, mlezi wa bweni. "Mama, una nini?"

"Nipeni hata mifupa yake nikazike."

"Mifupa ya nani?"

"Ya mwanangu! Dorotea!"

Wilhelmina akageuka, akaita. Mlango ukafunguka. Akatoka mtoto kipara, kavaa gauni jipya, shavu limejaa samaki.

"Mama! Huku kuna sato!"

Kija akamshika kichwa, mabega, mbavu, akihakikisha hakuna kilichopungua. Alilia mpaka akatapika.

"Nguo zina chawa, tunazichemsha," Wilhelmina akaeleza. Aliposikia habari ya rangi, akacheka mpaka akakaa chini. "Waliopakwa rangi ndio tuliowaacha, mama! Wepesi mno, uzito haujatosha. Tuliwapaka wasijipange foleni mara ya pili. Mwaka kesho wajaribu tena."

Kija akamtazama Dorotea. Dorotea akauficha mkono wenye kidonda nyuma ya mgongo.

"Ahsante, dada," Kija akasema. "Mlishe sana huyu."

Kijijini alikuta matanga yameanza. Akawaeleza, wakamtazama kwa huruma tu. "Wamemlisha dawa," Mihayo akanong'ona.

Mwaka uliofuata ngoma ikapigwa tena, na ghalani hakuja mzazi hata mmoja. Kija akaenda peke yake. Akapanda mwenyewe kwenye mizani ya pamba, mtu mzima na heshima zake, akafunua mdomo, akanyoosha mkono.

"Nipake."

Akazunguka nyumba kwa nyumba na ule mkono mwekundu hewani. Akalala, akaamka, akaenda kisimani. Watu wakamtazama siku hiyo na iliyofuata. Hakuna lori lililokuja kumchukua. Tereza ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtoa binti yake mafichoni, kanona kwa maziwa.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, tangazo la shule likija mtaani kwenu, uoga upo, sikatai. Lakini kabla hujamficha mtoto, nenda ukaulize rangi ni ya nini.

Mama amestaafu ualimu na lile kovu lake. Wajukuu wakimwuliza limetoka wapi, anawaambia, "Hapa ndipo nilipofeli mtihani."