Mgeni Aliyekula Kuku, Akauliza Yai

Mashairi yaliniponza nikiwa mwalimu wa darasa la tano, katika shule ya misheni kwenye njia ya kwenda Wamaza. Nilikuwa na kaptura moja ya kufundishia, na majivuno ambayo hayakutosha ndani yake. Enzi hizo za Wabelgiji pamba ilikuwa kilimo cha lazima, na aliyeshika chaki alisamehewa jembe. Nami chaki yangu niliishika kwa wasiwasi, kwa sababu neno lilikuwa limetoka misheni kuu ya Kasongo: Padri mkaguzi anakuja, na asipoona faida ya darasa la tano, litafungwa. Watoto wangu wangerudi shambani, nami mbele yao.

Nikaamua kumshangaza. Nilikuwa na riwaya moja ya Kiswahili iliyonifikia bila jalada, kwa hiyo hata jina lake sikulijua, wala silijui mpaka leo. Ilimhusu mgeni aliyepita kumsalimia mjane mmoja, akapewa kiti, akakaa, na kufikia pale tulipokuwa tumesoma alikuwa bado hajaondoka. Kila alasiri niliwasomea watoto sura moja. Tulikuwa tumebakiza ya mwisho, nami nilikuwa nimejikataza hata kuichungulia.

Nikawaambia wachague mtu mmoja wa kitabuni, wamtungie shairi la mistari minne bila kumtaja jina, nasi tumtambue. Walichoniletea kilikuwa aibu tupu. Ushairi waliokuwa wakiujua ni nyimbo za kanisani, basi mjane alitukuzwa, mgeni akaombewa, na mashairi yote, yote kabisa, yakaishia na Amina. Niligomba mpaka sauti ikanikauka. Hasira zangu huwa karibu, na wiki ile zilikuwa mlangoni.

Darasani alikuwamo msichana mmoja tu, binti wa mpiga ngoma wa kijiji. Akanyoosha kidole.

"Mwalimu, usikasirike. Kile unataka iko jina ya ngoma."

Kwetu ngoma ya gogo, ile iliyochimbwa ndani na isiyo na ngozi, husema. Haimwiti mtu kwa jina la ubatizo. Kila mtu ana jina lake la ngoma, maneno machache ya kumsifu au kumchoma, na likipigwa, kila asikiaye anajua ni nani. Nilikuwa nimezaliwa na milio hiyo masikioni, na pamoja na cheti changu chote cha ualimu sikuwahi kuona kwamba huo ni ushairi. Nilimchukia yule mtoto kwa dakika moja hivi, kisha nikalichukua wazo lake kana kwamba lilikuwa langu.

Amina zikakoma siku hiyo hiyo. Mmoja alimwandikia mjane: aliyefungua mlango kwa mkono mmoja, wa pili bado unasonga ugali. Lakini aliyetuua kwa kicheko ni yule binti, aliyemtungia mgeni:

Mpita njia wa jana, mwenye nyumba wa leo,
alikula kuku, akauliza yai,
alikula yai, akauliza kiota,
mlango wa kuingilia aliuona, wa kutokea hajauona.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa mtu mwenye akili. Badala yake nililipeleka shairi kwa baba yake nikamwomba alipige kwenye ngoma, watoto wasikie kazi yao. Akanitazama kwa huruma.

"Ngoma haiko kitabu, Mwalimu. Ngoma inaleta habari ya kweli."

"Piga tu, baba. Ni kwa ajili ya masomo."

Alikuwa mtu wa kuipenda mikono yake, na shairi lilimnogea. Akapiga. Ilikuwa alasiri, siku mbili kabla ya ukaguzi. Kijiji cha jirani kikaipokea sauti na kuipeleka mbele, kama ilivyo desturi, na kile cha mbele yake nacho kikaipeleka. Nilisimama nimejishika kiuno. Shairi la darasa langu lilikuwa linasafiri bila karatasi!

Nilichosahau ni hiki: kwetu jina la mtu likipigwa hivyo hivyo, bila milio ya msiba kutangulia, maana yake mwenye jina yuko njiani anakuja. Njia nzima ikaelewa kwamba anakuja mgeni anayekula kuku na kuuliza yai. Wasafiri wa namna hiyo walijulikana, na wengi wao walivaa kofia ngumu nyeupe. Kufikia jua kuzama hapakuwa na kuku barabarani.

Padri mkaguzi akawasili kwa baiskeli, mwekundu, shavu limebonyea. Kijiji baada ya kijiji alikuwa amepewa mihogo, na majani yake, sombe, na pole nyingi. "Kuku yote ilikufa, Mupe," waliambiwa yeye na mpishi wake kila walipofika, na Mupe, ndivyo tulivyowaita mapadri, alikuwa ameandika katika daftari lake kwamba tauni ya kuku imeingia wilayani na serikali iarifiwe. Nilitaka kusema ukweli. Badala yake nikamletea kiti.

Akaketi mbele ya darasa na njaa yake.

"Nionyeshe nilichokuja kuona," akaniambia.

Nikaufungua mdomo, na kabla neno halijatoka, jogoo akawika.

Aliwika kutoka ghala la shule, nyuma ya ubao, ambamo wazazi, bila kunishirikisha, walikuwa wameficha kuku wa kijiji kizima chini ya magunia ya pamba. Wa pili akamjibu. Kisha kuku jike mmoja akatangaza, kwa kelele zote alizojaliwa, kwamba ametaga.

Padri aliweka kalamu chini. Watoto waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Nililiona darasa langu limefungwa, na jembe langu nililiona pia, mpini na chuma chake. Nikamweleza yote, kitabu, mashairi, ngoma, nikibabaika kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaagiza shairi lisomwe. Binti akasimama akalisoma, wala hakuruka mstari.

"Mgeni huyo ni mimi?" Padri akamuuliza.

Nilifumba macho.

"Hapana, Mupe," akasema. "Ule wa kitabu hakujua kwenda. Wewe utaenda kesho."

Halafu Padri akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani, na ninakiri nililia machozi ya kweli, ya hofu kunitoka. Darasa likasalimika. Kuku wawili hawakusalimika, na yai lile jipya, ambalo kwa kweli aliliuliza.

Kesho yake asubuhi, mguu mmoja ukiwa tayari juu ya baiskeli, alinyoosha mkono.

"Hicho kitabu, Mwalimu. Nitakisoma njiani, nikurudishie."

Ungefanya nini? Nilimpa. Akaenda nacho, pamoja na sura ya mwisho, na hakukirudisha hata siku moja. Bado nina uchungu nacho. Kama yule mgeni wa mjane aliondoka au hakuondoka, mimi sijui, na nywele zimekuwa nyeupe.

Watoto walisimama kando yangu wakiitazama baiskeli ikipotea mtelemkoni. Yule binti alikuwa akitikisa midomo, akihesabu kitu kwa vidole, kisha akakimbilia kwao. Muda si mrefu ngoma ya baba yake ikalia. Sikuuliza inasema nini, nilikuwa na masikio: alikula kuku, akauliza kitabu.

Juma lililofuata nilikutana na mwalimu wa kijiji cha mbele. Aliniambia Padri alimkagua vizuri, akala kuku, akaondoka bila neno. Vitabu vyake vyote vitatu, alisema, alikuwa amevifukia chini ya pamba.