Mlango Uliofungwa

Mwalimu Fiorenza alikuwa mgeni katika shule moja ya milima ya Apenini, Italia, na aliyemkera mapema ni yule mama wa usafi. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa dawa ya sakafu, funguo hazimbanduki kiunoni, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliyeketi na mgonjwa. Lakini kila zoezi la tetemeko la ardhi alikuwa akiliharibu. Mpango wa dharura uko wazi: mtoto wa mwisho kutoka hufunga mlango, na mlango uliofungwa maana yake darasa ni tupu, waokoaji wasipoteze muda hapo. Watoto wakishajipanga uani, yeye bado yumo ndani, anafungua mlango mmoja baada ya mwingine, anachungulia chini ya madawati, anaita, “Kuna mtu?” Kisha anatega sikio, wala hana haraka.

Asubuhi moja ya mvua, watoto wakitetemeka uani, Fiorenza alirudi ndani amefura.

“Mama, utatugandishia watoto! Mlango si umefungwa? Si wametoka wote?”

Mama hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti, shavu karibu liguse sakafu.

“Siku ya tetemeko lile, kabla hujaja hapa, mlango pia ulikuwa umefungwa, mwanangu. Na ndani kulikuwa na mtoto.”

Mama akajiinua kwa kushika dawati, akaenda mlango uliofuata, Fiorenza nyuma yake, akaufungua.

“Kuna mtu?”

Safari hii walitega sikio wote wawili.