Simu Haiji Bila Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Meneja, na ukimwita kwa jina lingine alikutazama kama mtu aliyekosea nyumba. Jina hilo alilipata kwenye kambi za ujenzi wa barabara, alikowapikia vibarua na wahandisi tangu ujana wake hadi magoti yalipoanza kulalamika. Mameneja wenyewe, wale wa kofia nyeupe, walikuja wakaenda. Yeye alibaki na masufuria yake, akijua nani anaumwa, nani kagombana na mkewe, na nani anajifanya anaumwa. Barabara ikikwisha kambi ilihama, naye alihama ndani ya trela lake la kulala, likivutwa na lori, vikombe vikigongana kabatini njia nzima. Alipostaafu kampuni ilimwachia trela hilo, kwa sababu hakuna aliyetaka taabu ya kulikokota. Akalileta uani kwa binti yake, likaegeshwa kando ya ukuta, matairi yakawekewa mawe, na humo akaweka makao.

Mume wa binti yake alikuwa na duka la dawa. Mtu mpole, mnyoofu, mwenye ugonjwa mmoja tu ambao dawa yake haikuwepo dukani: aliogopa maneno ya watu. Kila mgeni aliyepita uani aliuliza trela lile ni la nini, na alipoambiwa kwamba Mama analala humo, mgeni alisema "ahaa" ndefu. "Ahaa" hiyo ilimkosesha mkwe usingizi. Aliisikia hata akihesabu vidonge: jamaa kamtupa mama mkwe nje kama gari bovu. Basi akatafuta mnunuzi, muuza juisi wa stendi aliyetaka kulitoboa dirisha pana na kufanyia biashara humo. Chumba cha wageni kikapakwa rangi ili Mama ahamie. Mnunuzi angekuja mwisho wa mwezi. Yote hayo mkwe alimtuma mkewe akamweleze mama yake, maana mwenyewe ujasiri haukumtosha.

Meneja alisikiliza huku akipiga pasi, akasema "haya," akaendelea na kola ya blauzi. Wanaomjua wanasema "haya" yake ni ya kuogopwa kuliko matusi ya mtu mwingine. Lakini ukweli ni kwamba safari hii aliyeogopa ni yeye. Chumba kilikuwa kizuri na binti alimpenda. Tatizo ni kwamba ndani ya nyumba ile angekuwa mgeni asiye na siku ya kuondoka. Angeuliza kama anaweza kuchemsha maji. Angepunguza redio mwenye nyumba akirudi. Kwenye trela hata kikombe kikivunjika, kilichovunjika ni chake na kelele ni zake.

Kesho yake akamwita fundi umeme wa magari, kijana mrefu ambaye mtaani anaitwa Cheche. Siku hizo umeme wa mtaa ulikuwa unakatika bila taarifa na kurudi bila kuomba radhi, na simu za nyumba nzima zilikuwa zinafia mikononi mwa wenyewe. Trela lilikuwa na betri yake, na juu ya paa kulikuwa na paneli ya sola iliyowasha taa na redio. Meneja alitaka soketi za kuchajia simu, zile za USB, na alizitaka sita.

Fundi akapima betri, akaridhika, akashauri soketi zote ziwe mlangoni, mtu akifika achomeke simu yake aende zake. Meneja akakataa. Aliagiza moja iwe kwenye kiti cha dirishani, moja chini ya rafu, mbili mezani, na mbili kwenye ubao wa pembeni ya kitanda chake. Fundi akamwambia kwamba hivyo nyaya zitakuwa ndefu na kazi itakuwa kubwa. Meneja akamjibu kwamba kazi ni ya fundi, trela ni lake, na kila mmoja ashike chake.

Cheche akatoboa mbao, akapitisha nyaya nyuma ya kabati, nyekundu na nyeusi, akaweka fyuzi karibu na betri ili hitilafu ikitokea ife fyuzi, trela lisiungue. Meneja alisimama mgongoni kwake na tochi, akiuliza maswali mpaka fundi akatokwa jasho jingi kuliko kazi yenyewe ilivyostahili. Mwishoni fundi akaeleza kwamba soketi hizi zina vitaa, navyo hula betri kidogo kidogo hata kama hakuna simu. Afadhali kuwe na swichi moja ya kuzima zote.

"Swichi weka hapa," Meneja akasema, akagusa ubao nyuma ya mto wake.

"Mama, hapo mtu mwingine hataifikia."

"Ndiyo maana nimekuonyesha hapo."

Kisha akamtuma mjukuu wake wa kike akanunue nyaya za kuchajia, fupi kuliko zote zilizopo dukani. Binti wa watu akarudi na nyaya za urefu wa shubiri, akihofia kutukanwa. Bibi akazikagua moja moja akamsifu. Ukiwa na waya wa shubiri, huwezi kwenda mbali na simu yako bila kuichomoa, na watu wa siku hizi kwenda mbali na simu zao hawawezi. Hesabu ya Meneja ilikuwa hiyo tu, na sijaona profesa aliyeikosoa.

Umeme ulipokatika, mjukuu alikuja mbio na simu tatu: yake, ya mama na ya baba. Bibi akapokea moja, mbili akazirudisha. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba simu haiji bila mwenyewe. Kambini, alisema, hakuwahi kumpakulia mtu aliyetuma sahani.

Basi akaja binti, akaketi kitandani kwa mama yake, shingo imepinda kuelekea soketi, na kwa kuwa hakuna pa kwenda, akaanza kuongea. Akaongea mambo ambayo hakuwa ameyasema tangu aolewe. Akaja jirani mshona nguo na simu iliyopasuka kioo na habari za mtaa mzima. Wakaja na watoto wa jirani. Wakiwa wote wamefungwa kwa shubiri moja moja, walitazamana, wakacheka, wakanywa chai ya Meneja. Yeye alikaa katikati akigawa vikombe, na usoni alikuwa na utulivu wa paka aliyelala juu ya samaki.

Mkwe alijikaza. Simu yake ilizimika, oda za dawa zikalala, wateja wakaenda duka lingine. Kuingia anapolala mama mkwe aliona ni kumkosea adabu, lakini njaa ya biashara nayo haina adabu. Jioni moja akaja, akaketi mezani mgongo umenyooka kama mtu aliyeitwa kwenye usaili, akachomeka, akaanza kukodolea asilimia macho. Meneja akamuuliza habari za duka. Akajibu kwa neno moja. Akamuuliza habari za marehemu baba yake. Akajibu kwa maneno mawili. Wengine walipoondoka wakabaki wao tu, na maongezi yalipoanza kuchangamka, simu ikawa imebakiza kidogo tu ijae. Mara vitaa vyote vikazimika. Mkwe akanyoosha mkono aichomoe simu.

"Wingu tu hilo," Meneja akasema, ameegemea mto wake. "Usitoe, litapita. Ulikuwa unaniambia baba yako alivyokufundisha baiskeli."

Betri haijali wingu linalopita, lakini mwenye duka la dawa angejuaje. Akakaa. Wingu likapita. Siku zilizofuata mawingu yalikuwa mengi ajabu, hasa mkwe alipofika kwenye sehemu nzuri ya hadithi, na mwisho wa mwezi Meneja alikuwa anamfahamu mume wa bintiye kuliko alivyomfahamu miaka yote ya ukwe wao. Zaidi ya hapo, alikuwa ameanza kumpenda, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango.

Muuza juisi alipokuja kuliona trela, alilikuta limejaa. Hakuna aliyeinuka kumpisha. Mshona nguo alimuuliza kama ana simu ya kuchaji au amekuja kuwazibia hewa. Mtu wa watu akachungulia, akaaga, hakurudi. Meneja aliosha vikombe siku hiyo akiimba.

Wahenga walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Jumapili iliyofuata, vyombo vikiwa bado mezani, mkwe alikohoa akatangaza kwamba trela haliuzwi. Limekuwa roho ya nyumba, alisema. Litafanywa sebule ya uani, watu wakae, watoto wasomee humo, simu zichaji. "Na wewe Mama," akaongeza kwa upendo ambao ulionekana wazi, "zile kelele zitakuumiza kichwa. Chumba chako kiko tayari." Wote wakashangilia. Kabla Meneja hajafungua mdomo, godoro lake lilikuwa limeshavuka uwanja, mjukuu kashika upande mmoja, mkwe upande wa pili.

Meneja aliwatazama wakipita na godoro. Mtego ulikuwa mzuri, na alikuwa ameutega kwa mikono yake mwenyewe. Akasema, "Haya."

Asubuhi mkwe alikuwa anakunywa chai jikoni aliposikia hodi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaikutanisha, akaomba ruhusa ya kuingia anywe maji. Mkwe akacheka. Meneja hakucheka. Alipokwisha kunywa akaomba ruhusa ya kuketi. Kisha akaomba ruhusa ya kufungua dirisha, na baada ya muda akaomba ruhusa ya kulifunga. Akapiga hodi sebuleni, akapiga hodi kwenye korido. Mkwe akamsihi akisema, Mama, hapa ni kwako. Meneja akamshukuru sana, kisha akauliza kama anaweza kuwasha redio, kwa sauti ndogo, kama haitamsumbua mwenye nyumba. Binti alimjua mama yake. Alijifungia stoo, akaziba mdomo kwa kitambaa cha meza na kucheka peke yake.

Mkwe angeweza kuvumilia hayo yote, maana ni mvumilivu. Lakini siku chache baadaye aliwakaribisha wenye maduka ya dawa wenzake, watu wazito, wakajaa sebuleni wakijadili bei za jumla. Katikati ya mazungumzo Meneja akatokea mlangoni amevaa nguo zake za heshima. Akapiga hodi. Akasema kwa ile sauti iliyozoea kuwaita vibarua kutoka ng'ambo ya machimbo ya kokoto:

"Mkwe wangu, samahani mbele ya wageni. Naomba ruhusa niende chooni."

Vijiko vikasimama kwenye vikombe. Mgeni mmoja akamtazama bibi, akamtazama mwenye nyumba, akasema "ahaa," na hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote zilizowahi kusikika katika nyumba ile.

Wageni hawakukaa sana. Gari la mwisho lilipotoka, mkwe aliingia chumbani kwa Meneja, akalibeba godoro kichwani, akavuka uwanja. Meneja akafuata nyuma na mto wake. Njia nzima alikuwa anajichagulia maneno. Alikuwa na kejeli tatu nne zilizoiva, na moja ilikuwa tamu kiasi kwamba aliicheka moyoni kabla ya kuitoa.

Mlango wa trela ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu. Mkwe akafika kizingitini, akasimama. Godoro lilimfunika masikio yote mawili, jasho likamshuka hadi kidevuni. Hakuingia.

"Mbona umesimama?" Meneja akauliza.

"Nangoja ruhusa, Mama." Hakuweza kugeuka, kwa hiyo alisema akiuelekea mlango. "Siku ile ya kukutoa sikuiomba."

Meneja akaitafuta ile kejeli tamu, hakuiona. Akazitafuta nyingine, nazo zilikuwa zimetoroka. Akaukumbatia mto kama mtu aliyeshikwa na baridi. Miaka yote hiyo alikuwa amemwita mtu huyu mkwe, kwa heshima yote ya neno hilo na kwa umbali wake wote.

"Pita, mwanangu," akasema. "Shingo itakuuma."

Akainama, akapita.